Kipimo cha damu cha saratani ya titi: kilitoka wapi na kimefikia wapi

 Najua nimepotea, karibu wiki tatu bila kuandika chochote hapa. Tulikuwa na testi mbili mfululizo, semina moja ya kuwasilisha, halafu bumu likachelewa, yaani hata hela ya bando ilikuwa ya kuombaomba. Sasa nimepumua kidogo. Leo sitaandika za chuo. Nataka niandike historia, maana ndiyo fani niliyokuja kusomea ualimu wake, ila siyo ile ya Maji Maji na Mkutano wa Berlin tunayokaririshana kila siku. Hii ni historia ya tone la damu.

Sababu ni kwamba kwenye grupu letu la WhatsApp la wasichana wa hosteli imezunguka meseji inayosema Wazungu wamegundua kipimo cha damu kinachoonyesha saratani ya titi miaka mitano kabla haijatokea, usisahau kuwatumia wanawake kumi. Watu tukabishana kwenye vimbweta mpaka giza likaingia. Mmoja anasema ni uongo wa mitandaoni, mwingine anasema wanacho, wanatuficha tu. Mimi nikasema jamani, sisi ni watu wa History, si tumefundishwa kuuliza chanzo? Nani kasema, lini, na alikuwa na nini mkononi? Basi nikaanza kuchimba. Kumbe meseji ile ina kweli ndani yake, ila imekatwa kichwa na miguu. Habari yenyewe ilitoka Novemba 2019, na ukitaka kuielewa inabidi urudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwenye kundi la mbuzi.

Kwanza neno moja. Damu yetu ina kitu kinaitwa kingamwili. Mdudu akiingia, mwili unatengeneza kingamwili za kumtambua yule yule, kama ufunguo na kitasa. Vile vipimo vya haraka vya VVU tulivyozoea, vya kutoboa kidole, havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta kingamwili mwili ulizotengeneza baada ya kukutana nacho. Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa akaonekana hana, mwili bado haujajibu. Shikeni hilo, tutalirudia.

Sasa mbuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 huko Ujerumani alikuwepo daktari Paul Ehrlich. Yeye na mwenzake Julius Morgenroth walichukua damu ya mbuzi wakawadunga mbuzi wengine. Waliodungwa wakatengeneza kingamwili za kuvunja chembe nyekundu za mbuzi wenzao. Lakini chembe zao wenyewe hawakuzigusa, hata kidogo. Ehrlich akalipa jambo hilo jina la Kilatini, horror autotoxicus, maana yake kwa Kiswahili chetu ni kwamba mwili unaogopa kujitilia sumu wenyewe. Mwaka 1908 akapata Nobeli ya tiba pamoja na Mrusi Elie Metchnikoff, kwa kazi yao ya kinga ya mwili kwa ujumla.

(Kitu nje ya mada. Ehrlich aliwahi kufanya kazi chini ya Robert Koch, yule wa bakteria wa kifua kikuu. Na Koch huyo huyo alikuwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akichunguza malaria. Hospitali ya Wajerumani pale ufukweni ilifunguliwa 1897, na leo ndiyo Ocean Road, taasisi ya saratani. Nimepita pale kwa daladala mara ngapi na wala sikujua.)

Neno la Ehrlich liligeuka kuwa kama amri. Yeye mwenyewe alimaanisha kwamba mwili una njia ya kujizuia, ila waliomfuata wakalisoma kama haiwezekani kabisa mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya nyama zake. Karibu miaka hamsini hivi! Wakubwa wakisema haiwezekani, nani ataenda kutafuta? Mambo yalibadilika 1956. Kule Buffalo, Marekani, kijana Noel Rose alikuwa anafanya kazi kwa profesa Ernest Witebsky, ambaye alisomeshwa na mtu aliyesomeshwa na Ehrlich. Mjukuu wa kitaaluma kabisa. Rose akawadunga sungura kwa kitu kilichotolewa kwenye tezi la shingo, na wakatengeneza kingamwili dhidi ya tezi lao wenyewe. Profesa hakutaka kuamini, wakarudia na kurudia kabla ya kuthubutu kuchapisha. Mwaka huo huo huko London, Deborah Doniach na Ivan Roitt na wenzao wakakuta kitu hicho hicho kwenye damu ya wagonjwa wa tezi, binadamu sasa. Kingamwili za namna hii zinaitwa otoantibodi, yaani kingamwili ambazo mtu anatengeneza dhidi ya kilicho chake.

Mnaona inakoelekea? Saratani ni seli zako mwenyewe zilizoasi. Hazikutoka nje kama malaria. Kwa amri ya zamani, mwili usingeweza kuziona. Lakini kama mwili unaweza kutambua tezi lake, basi pengine unaweza kutambua na seli zake zilizoharibika, hata zikiwa chache mno kiasi kwamba mkono hauwezi kuzigusa wala picha kuzionyesha.

Mwaka 1979 makundi kadhaa ya watafiti, London, Princeton, New York na Ufaransa, yaligundua karibu kwa pamoja protini moja iliyokuja kuitwa p53. London walikuwa David Lane na Lionel Crawford. Walikuwa wanachunguza kirusi cha nyani kinachosababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara, wakaona kila wakivuta protini ya kirusi kuna nyingine inakuja nayo imeng'ang'ania. Na moja ya dalili kwamba hii ya pili ni kitu muhimu ilikuwa kwamba wanyama wenye uvimbe walikuwa na kingamwili dhidi yake kwenye damu. Kwa miaka kumi waliiona p53 kama mchochezi wa saratani. Mwaka 1989 ndiyo ikaeleweka kwamba ni kinyume, ni askari wa kuzuia, na saratani inakuja akishaharibika askari. Mwaka 1993 jarida la Science liliichagua kuwa molekuli ya mwaka. Kutoka mhalifu hadi shujaa, sijui kuna mwanasiasa gani hapa anaweza kujivunia hivyo.

Lakini kwangu mimi mwaka wa kukumbuka ni 1982. Crawford, pamoja na Pim na Bulbrook, walichukua damu ya wanawake wenye saratani ya titi wakatafuta kingamwili dhidi ya p53. Wakazikuta kwa 9% ya wagonjwa. Tisa kwa mia! Ukisoma haraka unasema hii ni kazi bure. Wengi nadhani walisema hivyo, maana jambo lile lilikaa kimya muda mrefu. Ila angalia kilichothibitishwa: mwanamke ana saratani titini, na damu iliyotoka mkononi mwake, mbali na titi, ina ushahidi wake.

Kwa nini 9% tu? Jibu lilikuja polepole miaka ya 1990. Protini ya p53 ikiwa nzima haikai, inavunjwa ndani ya dakika chache. Ikiharibika jeni lake, mara nyingi inarundikana ndani ya seli, na rundo hilo ndilo linaloushtua mwili. Sasa saratani za titi zenye p53 iliyoharibika ni kama theluthi moja hivi, na hata kati ya hao si kila mtu anatengeneza kingamwili. Kwa hiyo ukitegemea protini moja umeshapoteza wengi kabla hujaanza. Ndipo likaja wazo la kutumia nyingi kwa pamoja, kama unavyotega nyavu saba badala ya moja.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 orodha ikakua. HER2, ambayo kwenye baadhi ya saratani za titi inatengenezwa kupita kiasi, ilionekana 1994 kwamba nayo inaamsha kingamwili. MUC1, protini ya utando wa ute, nayo hivyo hivyo, ila ina kasheshe yake: kingamwili zake zinaweza kuonekana hata kwa mjamzito au anayenyonyesha, na hao hawana ugonjwa wowote. Mwaka 1995 Ujerumani wakatengeneza njia inayoitwa SEREX. Unachukua jeni za uvimbe, unawapa bakteria wazitengenezee protini, halafu unamwagia damu ya mgonjwa mwenyewe uone kingamwili zake zinashika wapi. Ni kama kumleta shahidi kwenye gwaride la utambulisho. Majina kwenye andiko lile? Ugur Sahin na Özlem Türeci wamo. Ndiyo, hao hao mume na mke wa BioNTech waliotuletea chanjo ya korona 2020. Mwaka 1997 New York wakatumia njia hiyo kwenye saratani ya koo la chakula wakapata NY-ESO-1, jina lenyewe ni New York na mwanzo wa neno la umio kwa Kiingereza cha Marekani.

Na 1995 hiyo hiyo kulitoka taarifa iliyoamsha watu. Wafanyakazi wa viwanda waliovuta gesi ya vinyl chloride, inayotengenezea plastiki, walikuwa wametoa damu ikahifadhiwa miaka iliyopita. Baadhi yao wakaja kupata saratani ya ini ya nadra. Damu yao ya zamani ilipopimwa, wengine walionekana walikuwa na kingamwili za p53 kabla ya kugunduliwa wanaumwa. Hapo ndipo lile wazo la "miaka kabla" lilipopata miguu. Halikutoka hewani. Ila ilikuwa ini, watu wachache, na sumu moja inayojulikana. Titi ni habari nyingine.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana nisiposema kwa nini nimejali mtadhani naandika esei ya kupata alama.

Mama mdogo wangu alikuta uvimbe kwenye titi mwaka 2020 akiwa anaoga. Kituo cha kwanza alichokwenda walimpa vidonge vya kuua bakteria, wakamwambia ni maziwa yameganda. Mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la tano! Maziwa gani? Akapewa vidonge tena. Baadaye majirani wakampeleka kwa mganga. Miezi tisa ikapita hivyo. Alipofika hospitali kubwa wakasema hatua ya tatu. Akakatwa titi, akapata zile dripu za dawa, nywele zikaisha zikaota tena. Yupo, tunamshukuru Mungu, anauza vitenge sokoni na ana maneno yale yale. Lakini yeye amebahatika. Kwetu wanawake wengi wanafika hospitali wakati uvimbe umeshachimbika. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna tone la damu linaloweza kusema mapema, sicheki. Nataka iwe kweli kuliko anavyotaka yeye.

Haya, tuendelee. Mji wa hadithi yetu sasa ni Nottingham, Uingereza. Pale profesa wa upasuaji John Robertson na wenzake walishika jambo hili wasiliachie. Mwaka 2007 walichapisha kazi iliyonifanya nikae sawa kwenye kiti. Walipima damu ya wanawake 97 wenye saratani ya titi, 40 wenye hatua ya awali kabisa ambapo seli mbaya bado zimo ndani ya mirija ya maziwa, na 94 wasio na ugonjwa. Nyavu zao zilikuwa p53, c-myc, HER2, NY-ESO-1, BRCA2 na MUC1. Wakanasa 64% ya wenye saratani na 45% ya wale wa hatua ya awali. Kutoka 9% ya mwaka 1982! Mtu anaweza kushangilia. Lakini soma na sentensi inayofuata, maana wanaosambaza meseji huwa hawafiki hapo: katika kila wanawake 100 wazima, 15 nao walionekana wana "ugonjwa".

Mashine nazo zilikua. Mwaka 2011 huko Marekani Karen Anderson, Joshua LaBaer na wenzao walibandika protini 4,988 kwenye vipande vya kioo, wakachuja wakachuja mpaka zikabaki 28 zenye maana. Moja moja, hakuna hata moja iliyonasa zaidi ya 41% ya wagonjwa. Yaani protini karibu elfu tano, na bado hakuna ufunguo mkuu. Wengine wanaliona hili kama kushindwa. Mimi naona ni somo kuhusu ugonjwa wenyewe: "saratani ya titi" ni jina moja la magonjwa mengi, na kila mwili unalalamika kwa lugha yake.

Sasa Novemba 2019. Mkutano wa saratani Glasgow, Scotland. Watafiti wa Nottingham wakabandika bango, siyo kitabu, siyo makala iliyopitiwa na wenzao, bango la mkutano. Walikuwa na damu ya wanawake 90 wenye saratani ya titi na 90 wasio nayo. Walijaribu protini 40. Nyavu tano zilinasa 29% ya wagonjwa, saba zilinasa 35%, tisa zilinasa 37%. Na ile ya tisa iliwatambua vizuri wazima 79% tu. Wenyewe walisema ni mwanzo, kwamba hatua inayofuata ni sampuli za watu 800, na wakakadiria kwamba wakipata fedha zote kipimo kinaweza kufika kliniki baada ya miaka minne au mitano. Taarifa kwa vyombo vya habari ikaweka mbele lile la miaka mitano kabla ya dalili, na magazeti ya dunia nzima yakalibeba.

Hapa naomba mtu wa History ainue mkono. Damu ya wale 90 ilichukuliwa lini? Ilichukuliwa wakati walipogunduliwa wanaumwa. Hakuna hata tone moja pale lililochukuliwa miaka mitano kabla. Miaka mitano ilikuwa makadirio na matumaini, siyo kitu kilichopimwa kwenye bango lile. Ni kama niseme basi hili linafika Mbeya saa kumi jioni, kumbe nimeliona tu likiwa limeegeshwa stendi.

Halafu hesabu. Mimi nilikuwa HGL, hesabu tuliachana Form Four bila kuagana vizuri, lakini hii hata mimi naiweza. Chukua wanawake 1,000 ambao hawana dalili yoyote, tuseme kwa mfano watano kati yao wana saratani iliyojificha. Kipimo cha 37% kitanasa wawili hivi. Watatu kitawaambia nendeni salama. Kwa wale 995 wazima, 21% wataambiwa wana shida, na hao ni karibu 209. Kwa hiyo unatoka na wanawake 211 wanaolia, wawili wagonjwa, 209 wazima, na hujui nani ni nani. Na watatu wagonjwa wako nyumbani wamefurahi. Nikaichora hii kwa kalamu kwenye kimbweta, mabishano yakatulia kidogo. Wale watatu ndio wanaonitisha zaidi kuliko wale 209.

Na msidhani ni Uingereza tu. Februari mwaka huo huo wa 2019, hospitali ya chuo kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, ilitangaza kwa shangwe kipimo chake cha damu cha saratani ya titi. Chao kilikuwa cha aina nyingine, hakikutegemea otoantibodi. Gazeti la Bild likakipamba ukurasa wa mbele, na baada ya wiki chache wataalamu wenzao wakauliza data iko wapi, kashfa ikalipuka. Nottingham hawakufanya hivyo, namba zao waliziweka wazi mpaka mimi mwanafunzi wa ualimu naweza kuzisoma. Kosa lililo kwenye meseji yetu lilizaliwa njiani.

Njia yenyewe haijafa lakini. Kampuni iliyotokana na kazi ya Nottingham ilielekeza nguvu kwenye mapafu, na Scotland wakafanya jaribio kubwa la watu 12,208 walio kwenye hatari ya saratani ya mapafu, nusu wakapimwa otoantibodi, nusu hawakupimwa. Baada ya miaka miwili, kati ya saratani 71 zilizotokea kwa wasiopimwa, 52 ziligunduliwa zikiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa waliopimwa zilikuwa 33 kati ya 56. Hiyo ni tofauti ya kweli. Ila tazama walivyofanya: damu ilipoonyesha dalili, mtu alipelekwa kwenye CT scan, na akafuatiliwa. Damu ilikuwa mlango tu, nyuma ya mlango kulikuwa na nyumba nzima.

Jambo hili la nyumba liliandikwa zamani. Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliliandikia Shirika la Afya Duniani masharti ya kupima watu wasio na dalili, na mojawapo ni kwamba lazima kuwe na vifaa vya kuthibitisha na tiba kwa atakayekutwa nao. Mwaka 2021 WHO wakaweka malengo ya saratani ya titi: angalau 60% ya wagonjwa wagunduliwe hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na 80% wamalize tiba. Siku 60! Mama mdogo alitumia miezi tisa, na kila siku uvimbe wake ulikuwa unashikika kwa mkono. Hakukosa kipimo cha damu yeye. Alikosa mtu wa kumshika titi, akamwambia mama, hili halifanani na maziwa, nenda leo.

Ninayemwandikia hasa ni mmoja, na amenipa ruhusa ila jina nimeacha. Ni binti wa mama mdogo, dada kwangu maana amenizidi mwaka mmoja, anasoma chuo kingine hapa hapa mjini. Mwezi wa pili alikuta kauvimbe. Hakumwambia mtu. Ile meseji ilipozunguka ndipo akanipigia, sauti ya chini: "Mdogo wangu, hiki cha damu kinapatikana wapi? Maana mimi kuchomwa sindano kwenye titi siwezi." Alikuwa ameshaulizia kwa wale wa kupima mwili mzima kwa kompyuta, unashika chuma dakika moja wanakutolea karatasi ya magonjwa yote. Nilimwambia dada, mimi sijui kama hako kauvimbe ni kitu au si kitu, lakini hata Nottingham wenyewe wenye kipimo mkononi, mwanamke akija na uvimbe unaoshikika hawamwambii asubiri damu. Anashikwa, anapigwa picha, anachomwa sindano, kinyama kinatazamwa kwa hadubini. Akanyamaza. Jumatano iliyopita tulikwenda wote. Ultrasaundi, halafu sindano, alinibana mkono mpaka kucha zikaacha alama. Majibu tumeambiwa baada ya wiki mbili.

Wale wa kompyuta ya mwili mzima hata sitaki kuwazungumzia, nitaandika siku nyingine nikiwa na hasira ya kutosha.

Kwa hiyo mpaka leo ninapoandika, hakuna kipimo cha otoantibodi ambacho miongozo ya uchunguzi wa saratani ya titi inashauri mwanamke asiye na dalili apimwe. Mamografia bado ndiyo inayotumika kwenye nchi zenye uwezo, tangu lile jaribio la kwanza kubwa la New York lililoanza 1963 na wanawake wapatao 62,000. Nayo haipendi matiti ya wasichana, nyama yake imeshikamana, picha inatoka nyeupe tupu. Hilo ndilo pengo ambalo damu ingeziba, ndiyo maana watu hawajaacha.

Kinachohitajika sasa ni damu ya watu kabla hawajaumwa. Hili si wazo jipya. Yule Bulbrook wa andiko la 1982, miaka ishirini kabla yake, kuanzia 1961, yeye na wenzake walikwenda kisiwa kidogo cha Guernsey, kati ya Uingereza na Ufaransa, wakaomba wanawake wapatao 5,000 wazima watoe mkojo. Ukahifadhiwa. Wakasubiri miaka waone nani ataugua, halafu wakarudi kwenye chupa zao kulinganisha homoni. Fikiria subira hiyo, mtu unaanza utafiti ukijua majibu yatakukuta mzee. Kati ya 2006 na 2010 Uingereza wakafanya hivyo kwa ukubwa wa kutisha, watu 500,000 wakatoa damu kwa kile kinachoitwa UK Biobank, ikawekwa kwenye mafriza ya nyuzi 80 chini ya sifuri huko Stockport, karibu na Manchester. Maelfu ya wanawake kati yao wameugua saratani ya titi tangu hapo. Damu yao ya siku walipokuwa wazima bado ipo kwenye friza, na mtu mwenye nyavu nzuri anaweza kwenda kuomba tone.

Bumu likitoka nitanunua bando la maana nifuatilie. Kesho saa moja asubuhi nina kipindi Yombo, usiku mwema.